Weupe Katika Macho ya Jeni

Jumapili, 2 Machi 2014

Nimemwogesha Jeni baada ya misa, kama kila Jumapili. Maji ya uvuguvugu, kitambaa, sabuni kidogo. Mama alikuwa jikoni anasonga ugali wa muhogo. Mdogo wangu yuko wiki ya saba sasa, amenenepa, mapaja yana mikunjo.

Nilipomgeuza upande wa mlango nimfute nyuma ya masikio, jua likampiga usoni. Hakufumba macho. Na katikati ya jicho, pale panapotakiwa pawe peusi, pana weupe. Kama tone la maziwa. Macho yote mawili.

Nikamviringisha kwenye kanga nikampeleka kwa Mama anyonye. Sikusema kitu.

Sijui kwa nini. Hapana, najua. Nyumbani kwetu anayetaja jambo baya wa kwanza ndiye anaonekana amelileta. Na mimi kusema ni mzigo hata nikiwa na habari njema.

Jumatano, 12 Machi

Nimemjaribu tena. Nilipitisha kijiko mbele ya uso wake, kushoto, kulia. Macho yanatembea yenyewe, hayana habari na kijiko.

Jirani amekuja kumwona. Eti mtoto mtulivu huyu, hana papara, huyu atakuwa sista. Mama akacheka. Mimi nikachukua ndoo nikaenda kuteka maji ambayo hayakuhitajika.

Naandika hapa kwa Kiswahili. Shuleni Kiingereza ni amri, na nikikosea darasa zima la Kidato cha Nne linageuka kunitazama. Nyumbani ni Kiha. Kwenye daftari hili hakuna anayesubiri nikosee.

Ijumaa, 4 Aprili

Bibi ameona.

Bibi ni mama yake Baba, anaishi nasi. Mchana haoni vizuri. Anavuta kanga hadi kwenye nyusi na kukaa nyuma ya nyumba, upande wa kivuli. Jioni jua likipungua ndipo anaona watu. Leo jioni alimpakata Jeni mlangoni, akamtazama muda mrefu, akamgusa kope. Halafu akamwita Mama kwa jina. Hajawahi. Siku zote ni Mama Skola, kwa jina langu.

"Domitila. Umemfanya nini mtoto?"

Akasema Jeni amebemendwa. Yaani Mama amelala na mwanaume wa nje huku ananyonyesha, maziwa yakaharibika, yakapanda hadi machoni. Baba yuko Kakonko tangu Januari, anajenga ofisi za wilaya mpya, anarudi mara moja kwa mwezi. Bibi akaihesabu miezi hiyo kwa vidole mbele yetu.

Mama alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa. Aliendelea kuchambua.

Nilikuwa na mwezi mzima wa kusema. Ningesema mimi, pengine lingekuwa jambo la macho tu. Sasa ni jambo la Mama.

Jumatatu, 21 Aprili. Jumatatu ya Pasaka

Baba alikuja tangu Jumamosi. Jana tulikula kuku bila maneno. Leo wamekaa kikao, Bibi, Baba na Mama. Mimi nilikuwa jikoni na ukuta wa jikoni hauna siri.

Bibi alisema tulioa mtu tusiyejua ukoo wake. Wazazi wa Mama walikimbia vita Burundi wakaishia Mabamba, mpakani kule Kibondo, wakalima, wakabaki. Mama amezaliwa huku. Ana kadi ya kupigia kura. Bibi akasema damu haina kadi.

Mama alisema mara moja tu kwamba hajalala na mtu. Mara moja, basi. Baba alikuwa ameinama anakwangua simenti kavu kwenye kucha. Mwishoni akamwambia aende kwao kwanza, apumzike. Mtoto abaki, maana maziwa yale hayafai.

Ameondoka na mfuko mmoja. Blauzi ilikuwa imelowa kifuani. Ilikuwa saa ya kunyonyesha.

Baba namchukia leo. Ukimya wangu nimeurithi kwake.

Jumanne, 6 Mei

Dawa. Bibi anachuma majani mwenyewe, natwanga, nakamua kwa kitambaa. Matone matatu kila jicho, asubuhi kabla sijaenda shule na jioni nikirudi. Mikono ya Bibi inatetemeka. Kwa hiyo ninayetia ni mimi.

Jeni akisikia hatua zangu sasa anaanza kulia kabla sijamgusa. Macho hayanioni lakini miguu yangu anaijua.

Maziwa ya ng'ombe kwa kikombe. Nusu yanamwagika. Anaharisha. Ile mikunjo ya mapajani imekwisha.

Jumapili, 11 Mei

Mama amepiga kwa simu ya jirani. Kauliza Jeni anakunywa nini, analala saa ngapi, kama analia. Nikasema yuko salama.

Mwongo.

Alhamisi, 22 Mei

Shuleni walikuja watu wa macho kutoka hospitali ya misheni. Tulipangwa mstari, tukasoma herufi ukutani. Mimi nilikosea nyingi. Daktari ni kijana, mpole, shati limefungwa kifungo cha juu kabisa. Aliniweka gizani, akanimulika kwa tochi ndogo, akamulika tena.

Kasema nina madoa madogo kwenye lenzi za macho yote mawili. Kama vumbi la chokaa. Si ya kutisha kwa sasa. Je, jua kali linanisumbua? Nikatikisa kichwa kwamba hapana. Linanisumbua tangu darasa la tatu. Nilidhani kila mtu anaona ukungu saa sita mchana.

Akauliza, "Nyumbani yupo mwenye shida ya macho? Mtoto mdogo labda?"

Nyuma yangu wasichana walikuwa wanasikiliza. Nikawaza wote watakavyojua habari ya Mama. Nikasema hayupo.

Akaandika. Nikaona kalamu yake ikiandika uongo wangu.

Jumamosi, 31 Mei

Jicho la kushoto la Jeni limevimba. Linatoa usaha, kope zimegandana. Nililiosha kwa maji ya chumvi. Likifunguka, kioo cha mbele ni cha kijivu, kina shimo kama mahali ukucha ulipochimba.

Bibi kasema dawa inatoa uchafu, tuongeze. Nikatwanga majani. Nikakamua. Nikayamwaga kwenye migomba, nikarudi na kusema nimemtia.

Hii ni mara ya kwanza uongo wangu umefanya jambo zuri. Umechelewa.

Jumatatu, 2 Juni

Sikwenda shule. Nilimwambia Bibi nampeleka Jeni kupimwa uzito. Nikamfunga mgongoni, nikatembea mpaka hospitali ya misheni, kama saa moja na nusu. Alikuwa mwepesi. Nilikuwa nasimama njiani kuhakikisha anapumua.

Mapokezi waliniuliza shida. Sauti ikagoma. Mama mmoja kwenye benchi akasema kwa Kiha, mwacheni, huyu mtoto kaogopa. Nikachana karatasi kwenye daftari la hesabu, nikaandika: Nilimdanganya daktari wa macho. Mtoto yupo. Huyu hapa.

Walimpelekea daktari yule. Alitoka mwenyewe na karatasi mkononi. Hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza.

Alishughulika na jicho la kushoto kwanza, muda mrefu, na Jeni alilia hadi sauti ikakauka. Kisha akamulika la kulia. Kisha akaniketisha. Naandika alichosema chote, kwa sababu nikilala kitachanganyika na vingine.

Kasema ni mtoto wa jicho. Nilijua ni ugonjwa wa wazee. Kumbe kuna wanaozaliwa nao.

Lenzi ya jicho haina mshipa wa damu hata mmoja. Ingekuwa nayo, tungekuwa tunaona mishipa badala ya dunia. Sasa seli zilizo katikati zinakula nini? Seli za pembeni zinapata chakula kwenye maji ya jicho, zinawapitishia wa ndani, na wa ndani wanawapitishia wa ndani zaidi. Jirani kwa jirani. Uchafu na chumvi iliyozidi vinatoka kwa njia hizo hizo. Kuna vijia vidogo mno kati ya seli na seli, maelfu kwa maelfu, vinatoboa kuta mbili kwa pamoja.

Alinichorea. Kila kijia kina nusu mbili. Seli hii inajenga nusu yake ukutani kwake, jirani naye anajenga nusu ukutani kwake, zinakutana, mlango unakamilika. Nikafikiria Bibi zamani akinituma kwa jirani kuomba moto na chumvi. Hatupiti barabarani, tunapita uani. Wenye nyumba wakiziba njia za uani, wa katikati wanakufa na njaa huku pembeni wanapika.

Ndivyo ilivyo kwa Jeni. Maelekezo ya kujenga mlango yana kosa, na kosa liko mwilini tangu tumboni. Vipande vibovu vinachanganyika na vizima na kuviharibu. Katikati ya lenzi panakosa chakula, chumvi inajaa, ule ute angavu unaganda. Kama ute wa yai kwenye kikaango. Huo ndio weupe. Si maziwa. Hakuna maziwa yanayopanda machoni.

Kasema vijia hivi viko karibu mwili mzima, vya aina mbalimbali. Moyo unapiga pamoja kwa sababu yake. Tumbo la uzazi linasukuma pamoja kwa sababu yake. Vya sikioni vikiharibika, mtoto anazaliwa kiziwi. Vingine vikiharibika, mishipa ya fahamu ya miguu inadhoofu. Nikauliza, sauti imerudi kidogo, kama ana hakika. Akasema kipimo cha kuthibitisha hana, hapa hakipo. Kuna sababu nyingine pia, kama mama kuugua ugonjwa fulani unaofanana na surua akiwa mjamzito. Lakini mimi nina madoa, na mdogo wangu ana weupe. Ndipo akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Nyumbani nani anakaa kivulini?"

Nikaona kanga ya Bibi. Nikamwambia.

Akasema jua likiwa kali mboni inakuwa ndogo, mtu anachungulia katikati ya doa. Jioni mboni inapanuka, anaona kwa pembeni. Watu wa namna hiyo wanapenda jioni.

Nikauliza Jeni ataona lini.  Alisema jicho la kushoto kidonda kimekwenda ndani, huenda limekwisha. La kulia lipasuliwe Mwanza, huku hawawapi dawa ya usingizi watoto wadogo hivi. Na upesi. Ilitakiwa ndani ya miezi miwili ya kwanza. Jicho likifungwa muda mrefu tangu kuzaliwa, ubongo unaacha kulisubiri.

Nilihesabu hapo hapo. Tarehe mbili Machi Jeni alikuwa na wiki saba. Ilikuwa bado ndani ya muda.



Jumanne, 3 Juni

Jeni amelazwa. Bibi anajua, nilimtumia ujumbe kwa jirani, hajaja. Inatakiwa sahihi ya mzazi kwenda Mwanza. Nesi akanipa simu.

Nilimpigia Baba. Nilisema yote bila kupumua, la macho, la madoa yangu, la Bibi. Kulikuwa na mlio wa watu wanachanganya zege. Akauliza, "Bibi yako anasemaje?"

Nikasema, "Sijamuuliza. Nakuuliza wewe."

Sijawahi kumjibu Baba hivyo. Nesi akaichukua simu.

Jumapili, 8 Juni

Baba amefika na Bibi, bodaboda mbili. Daktari aliingia kazini ingawa ni Jumapili.

Baba kapimwa. Madoa. Vumbi lile lile la chokaa, mengi kuliko yangu. Kumbe ndiyo maana anapima ukuta wake kwa kugusa. Bibi alikataa, kisha akakubali. Lenzi zake ni nyeupe karibu zote, na katikati kuna madoa ya zamani, ya tangu utoto, kasema daktari. Mama yangu hayumo kabisa ndani ya hadithi hii. Imetoka kwa Bibi, ikaja kwa Baba, ikaja kwangu na kwa Jeni. Wengine wanapata madoa, wengine wanapata weupe mzima. Hakuna aliyefanya kitu, kasema daktari. Hakuna wa kulaumiwa.

Bibi aliketi ameshika fimbo kwa mikono miwili. Tulidhani hakuelewa. Kisha akasema kwa Kiha, kwa sauti ndogo, kama anaongea na fimbo:

"Mama yangu alifukuzwa kwa ajili ya macho yangu."

Alikuwa mdogo, hamkumbuki sura. Aliambiwa mama yake alimbemenda, weupe ukaingia. Kaishi na hilo miaka yote hii. Alimchukia mama yake miaka yote hii. Ndiyo maana alipouona weupe wa Jeni alikuwa na hakika.

Baba akatoka nje. Mimi nilibaki kwa sababu nilikuwa nimembeba Jeni. Sikumhurumia Bibi. Nilitaka, haikuja.

Alhamisi, 12 Juni

Baba alikwenda Mabamba juzi akarudi leo na Mama. Sijui kule alisema nini. Mama hamtazami.

Aliingia wodini, akamchukua Jeni, akafungua blauzi. Jeni aligeuza uso. Maziwa yenyewe yalikuwa yamekauka. Mama alimshikilia hapo hapo, kifua wazi, bila kitu, muda mrefu. Manesi wakavuta pazia.

Bibi alikuwa mlangoni. Akamsalimu kwa Kiha, "Mwakeye, Mama Skola." Mama hakuitikia.

Jumanne, 1 Julai

Wamepata nafasi. Baba, Mama na Jeni wako Mwanza. Baba kapiga simu jioni. Jicho la kulia limepasuliwa, lenzi imetolewa. La kushoto hawakuligusa, halina tena cha kuokoa. Atavaa miwani minene. Kuhusu ataona kiasi gani, wamesema tumechelewa, tusubiri.

Tumebaki wawili nyumbani, mimi na Bibi. Nampikia, hatuongei. Leo mchana nilirudi kutoka shambani nimekunja uso kwa jua. Bibi akasogea kwenye mkeka wake kule kivulini, akaacha nafasi.

Akauliza jua langu likoje. Nikamwambia: saa sita linakuwa kama moshi. Akasema lake pia lilianza hivyo.

Nilikaa. Sijamsamehe, lakini nilikaa.

Ijumaa, 15 Agosti

Mwalimu wa baiolojia ametufundisha urithi. Kachora miraba ubaoni. Mzazi mmoja akiwa na kosa la namna hii, kila mtoto ana nusu kwa nusu. Wenzangu walikuwa wanacheka kuhusu nani ana masikio ya nani. Mimi nilijaza miraba yangu. Nusu kwa nusu. Kila mtoto nitakayemzaa, mtu atarusha shilingi.

Mwalimu akauliza kama kuna swali. Nikanyoosha mkono. Nikauliza kwa Kiingereza, nikakosea kitenzi, wakacheka, nikaendelea mpaka mwisho wa swali. Mtoto wa mama mwenye kosa hilo apimwe siku ya ngapi? Akasema hajui, ila asingoje.

Nimeandika nyuma ya kadi yangu ya kliniki ya utotoni: siku ya kwanza.

Jumapili, 18 Januari 2015

Jeni ametimiza mwaka wiki hii. Haketi vizuri bado. Miwani yake imefungwa kwa mpira nyuma ya kichwa. Jicho la kulia linafuata kitu chekundu kikiwa karibu, umbali wa mkono. Nyuso halizifuati. Daktari wa misheni kasema huenda ataweza kutembea bila kugonga kuta. Huenda. La kushoto limesinyaa.

Mtihani nilimaliza Novemba. Nasubiri matokeo. Mama na Bibi wanaishi nyumba moja na kupitishiana vitu kupitia kwangu.

Leo tulikuwa tunamenya mihogo, Mama na mimi tu. Nikamwambia. Kwamba niliona tarehe mbili Machi, baada ya misa, nikanyamaza mwezi mzima. Kwamba dawa ilitiwa kwa mkono wangu. Nilisema polepole nikitazama kisu.

Mama alimaliza muhogo aliokuwa nao. Akachukua mwingine.

"Mimi niliona hajafikisha siku kumi," akasema. "Nilijua wataniuliza natoka wapi."

 

Maganda yalijaa, nikaenda kuyamwaga. Niliporudi Jeni alikuwa kwenye mkeka, miwani imeteleza hadi mdomoni, anailamba. Mama aliirudisha mahali pake, akaifuta kwanza kwa ncha ya kanga, kioo cha kulia na cha kushoto, vyote viwili.